Bibi wa Samba Niliyemsikiliza Peke Yangu

Aliyeniingiza katika ngoma za Kibrazili alikuwa mwanamke wa Nakuru. Yeye mwenyewe aliingia kwa bahati tu. Alikwenda kuchanjwa chanjo ya mafua katika kanisa moja kusini mwa Minneapolis, akasikia sakafu inatetemeka chini ya viatu vyake, na baada ya sindano akashuka ngazi kuona kuna nini. Akakuta watu wamesimama nusu duara, Wabrazili na Wamarekani, walimu wa shule, mafundi umeme na akina mama wa nyumbani, kila mmoja na ngoma yake, na mbele yao bwana mmoja mfupi mwenye filimbi mdomoni. Wiki iliyofuata alirudi. Iliyofuata tena akaja na mimi.

Tulikuwa tukifanya kazi pamoja katika nyumba ya kutunzia wazee huko Crystal, sote wasaidizi wa wauguzi. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Mimi nilikuwa nimetoka Dar es Salaam si zamani sana, nikihangaika kupata nafasi ya kusomea uuguzi. Nilimwita dada kwa kuwa alinizidi umri, na kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye barafu na kumwogesha mzee asiyetaka kushikwa. Aliishi na wanawe wawili katika fleti za New Hope, jengo la pili kutoka langu. Alinicheka kwa Kiswahili changu, akisema naomba samahani hata kwa mlango.

Yule bwana wa filimbi alitoka Recife, kaskazini-mashariki mwa Brazili, na mchana alifundisha muziki katika shule ya msingi. Wenzake walimwita kwa neno la Kireno lenye maana ya fundi, nami nikamwita fundi, kama sisi tunavyowaita wapigaji waliobobea. Alifurahi nilipomweleza kwamba Kiswahili kimebeba maneno ya kwao tangu zamani. Ngoma yao ndogo yenye nyuzi chini yake, ile inayolia kama mvua juu ya bati, huiita kwa neno lile lile lililotupa sisi neno kasha. Tangu siku hiyo kila nikiingia aliniamkia kwa kunitajia neno moja: meza, leso, bendera.

Mimi na dada alitupa ngoma kubwa kuliko zote, zile ziitwazo surdo. Kwetu mtu angesema ni vumi. Inaning'inizwa begani kwa mkanda na kupigwa kwa rungu lenye kichwa laini. Surdo ya kwanza inatamka, ya pili inajibu, na samba yote, kelele zake zote za juu, inasimama juu ya mazungumzo hayo. Dada alipewa ya kwanza. Alikuwa na mkono mzito, usio na haraka, na alipopiga ulijua palipo na ardhi. Mimi nilijibu tu. Nilipenda kujibu.

Fundi hakutaka tudhani Brazili ni samba peke yake. Kabla ya mazoezi alituwekea sidii na kutukalisha tusikilize: choro, muziki wa zamani wa filimbi na magitaa madogo, wenye mbio kama panzi, nyimbo laini za bossa nova ambazo Wamarekani walikwisha kuzizoea kwenye lifti na madukani, forró ya kwao kaskazini-mashariki, kodiani na pembetatu ya chuma, watu wakicheza wawili wawili wakiwa wameshikana, ngoma za Salvador zilizochanganywa na rege, maracatu, ambayo asili yake ni maandamano ya kuwavika taji wafalme wa watumwa. Halafu alituwekea vijana wa mjini kwao waliochukua maracatu hiyo wakaitia gitaa la umeme na maneno ya kughani. Wamarekani waliandika vichwa vya nyimbo. Sisi tulisikiliza kwa miguu.

Lakini dada alikuwa na wake mmoja. Bibi mmoja wa Rio, mwimbaji wa samba ya zamani, sauti yake imekwaruzika kama mtu aliyeamka sasa hivi. Fundi alimnakilia sidii yake, naye akaiweka ndani ya gari isitoke. Alizijua nyimbo zote bila kujua Kireno. Aliimba maneno ya kubuni yaliyofanana na Kireno, na pale yalipomwishia aliziba kwa Kikikuyu. Siku moja tulipita barabara nzima kutoka kazini hadi nyumbani tukiimba hivyo, mimi nikimfuata, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi.

Kisha tukapata habari kwamba bibi huyo anakuja Minneapolis, onyesho moja tu, pamoja na kundi la vijana kutoka Recife. Ilikuwa Jumamosi jioni. Dada alikuwa ameomba ruhusa mapema akapata. Mimi nilichelewa, zamu yangu ikabaki palepale.

Wiki ile nilikuwa nimepata jibu kwamba sikuchaguliwa kusomea uuguzi. Sikumwomba dada chochote. Lakini nilizungumzia onyesho lile kila tulipokutana, wakati wa chai, kwenye maegesho, tukitandika vitanda, na nilisema mara kadhaa kwamba tangu nifike nchi hii sijawahi kukaa ukumbini nikamwona mwanamuziki kwa macho yangu. Sijui kama nilikuwa namwambia au najisemea. Ijumaa, tukivaa makoti, aliniambia kwamba atachukua zamu yangu.

"Nita-cover," alisema. "Wewe enda. Mimi nimeona shows nyingi kule Nairobi."

Kwetu mtu akipewa hukataa kwanza, akakataa tena, ndipo apokee. Mimi nilikataa mara moja, tena kwa sauti ndogo. Akanipa tiketi yake.

Jumamosi theluji ilianguka tangu asubuhi. Nilikwenda kwa basi, nikakaa, nikasikiliza, nikarudi. Kesho yake asubuhi nilimpigia simu nimshukuru. Alipokea binti yake, akanijibu kwa Kiingereza kwamba mama amelala kwa sababu ya dawa.

Nilivuka uwanja wa maegesho nikiwa na kandambili, kwenye theluji. Dada alikuwa kwenye kochi, mkono wa kulia umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Alinisimulia kwa ufupi. Msaidizi mwenzake hakufika kwa ajili ya theluji, akabaki peke yake na upande mzima wa wazee. Mashine ya kunyanyulia wagonjwa ilikuwa imeisha chaji. Mzee mmoja aliyekuwa mkulima, pande la mtu, alianza kuteleza kutoka kitandani, naye akamdaka. Kitu kikakatika begani.

"Lakini mzee hakuanguka," alisema.

Mimi nilisema pole. Nilisema pole mara nyingi siku ile, mpaka binti yake akatuacha akaenda chumbani.

Alipasuliwa bega majira ya kuchipua. Mimi nikawa mtumishi wa nyumba ile. Nilipika, nilifua, nilimpeleka kwenye mazoezi ya viungo, nilimsuka binti yake mtindo wa twende kilioni, ambao mtoto hakuupenda ila alikaa kimya kwa adabu. Nikisikia simu yangu inaita naruka, huenda ni yeye. Asipopiga, napiga mimi. Nilinunua vitu asivyoviomba. Akitaka kusimama nimekwisha kumshika kiwiko.

Na muziki niliutoa maishani mwetu. Niliziondoa sidii zote za Kibrazili ndani ya gari langu kabla ya kumpakia mara ya kwanza, nikaweka redio ya habari. Mazoezini sikwenda. Fundi alinipigia akisema amebaki bila surdo hata moja, kwamba watu wanapiga kama wanaoelea. Nikamwambia nina zamu. Akapiga tena, nikamwambia nina zamu. Tulipopita karibu na kanisa lile, dada na mimi, nilianza kuongea juu ya hali ya hewa.

Mkono ukapanda polepole hadi usawa wa kifua, ukasimama hapo. Daktari alimwambia kuwa huenda ndio mwisho wake. Hakuweza tena kunyanyua wazee, basi akapata kazi ya kupokea simu katika zahanati moja ya Richfield. Mimi nilibaki Crystal. Yule mzee mkulima aliniuliza kila nilipoingia chumbani kwake yule mwenye nguvu yuko wapi, na kwa kuwa kumbukumbu yake ilikuwa imekwisha nilimjibu upya kila siku kwamba amehamia kazi nyingine. Alisikitika upya kila siku. Niliomba nibadilishiwe upande, nikakubaliwa, na kwa hilo nalo nikajilaumu.

Mambo yaliendelea hivyo mpaka majani yakaanza kuanguka. Alasiri moja nilimpelekea pilau. Alinifungulia mlango, akaipokea sufuria kwa mkono wa kushoto, nami nikamnyang'anya ili niipeleke jikoni mwenyewe.

"Weka hiyo sufuria chini," aliniambia.

Nikasema naipeleka jikoni tu.

"Weka chini. Mkono mmoja bado ninao."

Niliiweka juu ya kabati la viatu. Alikaa. Hakuniambia nikae.

"Wewe huwa hunikujii mimi," alisema. "Unakuja kwa sababu ya hiyo guilt yako. Kila siku ukiingia kwa huo mlango na hiyo sura, inabidi mimi ndio nikupee pole. Mimi ndio mgonjwa, na ni mimi nakuuguza."

Nilimwambia kwamba kama ningekuwa kazini mimi siku ile, yasingempata.

"Ungekuwa wewe, mzee angeanguka. Wewe ni mwembamba." Hakucheka. "Unajua kitu inaniuma? Nilikupea ile Saturday. Ilikuwa yangu, nikakupea. Na miezi yote hii hujaniambia hata wimbo mmoja huyo mama aliimba. Nikafikiria labda ilikuwa mbaya. Nikafikiria labda hata hukuenda."

Nilisimama pale na koti langu. Ni kweli sikuwahi kumwambia neno. Nilidhani kunyamaza ni heshima, kwamba kumsimulia raha ile ni kumtia chumvi kidondani. Haikunijia kwamba amekuwa akingoja. Mtu amekupa tunda lake, ukalila, ukafuta mdomo, na hata utamu wake hukumwambia.

Nikavua koti, nikakaa, nikaanza.

Nilimwambia kwamba bibi alitoka nyuma ya pazia ameegemea mkono wa kijana, akakaa kwenye kiti cha kawaida cha mbao kama cha jikoni. Akaniuliza alivaa nini. Gauni la kijani na shali. Na viatu? Viatu bapa, vya mtu anayeumwa miguu. Pembeni yake wazee wawili, mmoja na gitaa lile dogo la nyuzi nne, mwingine na gitaa kubwa, na msichana mwenye dufu la vidude vinavyolia. Hawakuwa na surdo. Msichana yule aliitoa sauti ya surdo kwa kidole gumba juu ya ngozi ya dufu, na ilitosha. Dada akajaribu kwenye goti lake kwa kidole gumba cha kushoto.

Nilimwambia bibi aliimba kama anayezungumza na mtu chumba cha pili. Ukumbi ulikuwa na Wabrazili wengi, wengine wamekuja na watoto wachanga, na makoti yao mazito yamewalalia mapajani. Alipofika kwenye wimbo ule wa tatu wa sidii, ule ambao dada aliurudia njia nzima, bibi alisahau maneno katikati. Alisimama, akacheka, akainua mkono. Na watu wote wakammalizia.

"Na wewe?" dada akauliza.

Nikamwambia nami nilimmalizia, kwa maneno yake yeye dada, yale ya kubuni, kwa sababu sikuwa na mengine. Niliimba Kikikuyu katikati ya Wabrazili. Mama mmoja kando yangu alinigeukia akanitazama.

Hapo dada alicheka. Alicheka mpaka akashika bega. Kisha akaniambia niendelee, nikaendelea: vijana wa Recife walivyoingia na ngoma zilizofungwa kamba, gitaa la umeme likalia kama msumeno, watu wakasimama, sakafu ikawa inapanda na kushuka; walivyomwita bibi arudi, akarudi na shali yake, akaipiga ngoma yao kubwa kwa kiganja mara moja tu, akaenda zake. Nilimwimbia nilichokumbuka. Nilimwambia hata foleni ya chooni. Pilau ilipoa pale juu ya kabati.

Nilipomaliza alikuwa ametazama dirishani. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele. Nikafungua mdomo, akainua kidole.

"Nita-regret kumkosa huyo mama mpaka nife," alisema. "Hiyo ni yangu. Usiichukue."

Bibi yule hakurudi tena mjini kwetu.

Nilirudi kwa fundi Jumanne iliyofuata. Hakuniuliza zamu zilikuwa ngapi. Alinipa surdo ya kwanza, na ya pili akampa mwalimu mmoja wa Kimarekani aliyejifunza nilipokuwa sipo. Nilimwambia mimi najibu tu, sijui kutamka. Akasema sasa hakuna mwingine. Nilikuwa nimesimama mahali pa dada, na mkanda wa ngoma bado ulikuwa umepimwa kwa urefu wake yeye, nikaufupisha matundu mawili.

Nilimwambia dada kesho yake, kwa kuwa sasa tulikuwa tunaambiana. Akaniambia, "Piga. Lakini usipige kama mtu anaomba msamaha."

Sikuweza mara moja. Fundi alisimamisha kundi mara nyingi akinionyesha kwa ngumi kifuani jinsi ngoma ya kwanza inavyopaswa kutua. Nilikuwa naigusa kama naogopa kumwamsha mtu.

Februari tulipiga kwenye sherehe yao ya kanivali, onyesho la Jumapili mchana ambalo watu huja na watoto. Nje baridi ilikuwa ya kuvunja kucha. Wacheza samba walishuka magarini wamevaa makoti ya theluji juu ya manyoya na shanga, manyoya yamechomoza kwenye kola, na maviatu makubwa ya mpira, viatu vya dhahabu mkononi. Tulizileta ngoma ndani mapema zipate joto, ngozi zisitoe sauti mbaya. Dada alikuja na wanawe. Alivaa gauni jekundu ambalo sikuwahi kuliona, akasimama karibu na jukwaa upande wa kulia.

Tulianza na maracatu, kisha samba. Nilikuwa nahesabu, macho yamekazia filimbi ya fundi. Kwenye samba ya pili nikatazama chini.

Dada alikuwa anacheza. Mkono wa kushoto uko juu kabisa, vidole vimefunguka, na wa kulia umeishia kifuani, kiganja kimetazama nje, pale pale unapofika. Miguu yake ilikuwa inajua kila kitu. Kando yake walikuwako wasichana watatu wa Kimarekani, wanafunzi labda, waliokuwa wakihangaika kujua wafanye nini na mikono yao. Walimtazama, wakatazamana, kisha wote watatu wakapandisha mkono wa kushoto juu na kuukunja wa kulia kifuani. Walidhani ndivyo inavyochezwa. Nyuma yao mama mmoja naye akafuata.

Nilikosa pigo. Surdo ya kwanza ikinyamaza kila mtu anaanguka shimoni, na nilisikia kundi zima likiyumba nyuma yangu. Fundi aligeuka. Nilipiga lililofuata kwa nguvu zangu zote, zaidi ya ilivyohitajika, na ukumbi ukasimama imara tena. Dada hakuwa amewaona wale wasichana. Alikuwa amefumba macho.

Sikumwambia. Mpaka leo sijui kama ni jambo la kumchekesha au la kumwumiza, na sijapata ujasiri wa kujaribu.

Baada ya onyesho watoto wake walitaka kupanda na familia ya rafiki yao, basi tukawa wawili ndani ya gari langu, ngoma imelala kiti cha nyuma. Niliwasha joto. Alikuwa anavuja jasho, nywele zimemkaa usoni, anahema. Alinyoosha mkono wa kulia kwenye mkanda wa gari, ukakomea njiani. Nikainuka kumvutia. Nikajizuia, nikarudi nikashika usukani. Aliuvuka mwili wake kwa mkono wa kushoto, akauvuta mkanda, ukakwama. Akauachia, akauvuta tena polepole. Nilitazama kioo cha mbele, jinsi ukungu ulivyokuwa ukiondoka kuanzia chini. Mkanda ulipolia nikaondoa gari.